Mchapaji Aliyengoja Rasimu Moja

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi mitano ya utumishi, karani wetu wa Idara ya Sosholojia, ambaye chuo kizima kinamwita Dada Rasimu, atafunga mlango wa chumba namba tatu tarehe 30 Juni na kukabidhi ufunguo. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi, na usomwe ukumbini siku ya kumuaga. Imeniagiza uwe mfupi, uwe wa kuchangamsha, na usiwe na manung'uniko. La kwanza limenishinda, la pili nitajaribu, la tatu mtanisamehe.

Nitasema mapema jambo ambalo wasifu wa namna hii kwa kawaida hulifunika kwa maua: huyu dada alitaka kusoma sosholojia. Hakutaka kuichapa, wala kuipangia mafaili, wala kuifungulia mlango na kuifagilia meza. Alitaka kuketi kwenye benchi kama mwanafunzi, aisome, afanye mtihani, apate shahada. Sifa alikuwa nazo na kanuni ilimruhusu. Kilichohitajika ni barua moja ya nusu ukurasa. Tulikuwa wakuu wa idara watano, mmoja baada ya mwingine, na barua hiyo haikuandikwa. Mimi ni mmoja wa hao watano.

Haya, sasa tuanze kama watu wenye adabu.

Alifika hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na cheti cha uchapaji ndani ya bahasha ya kaki. Idara wakati huo ilikuwa chumba kimoja cha kuazima, makabati mawili na mtu mmoja aliyeianzisha, ambaye sote tunamwita Mwasisi. Taipureta aliyokabidhiwa ilikuwa na herufi moja inayoruka juu ya mstari, na mpaka leo ukifungua tasnifu za zamani kule maktaba utajua ipi ilipita mikononi mwake kwa kuangalia tu. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa fundi bomba wa mabweni. Waliishi kwenye mtaa ulio nyuma ya ukuta wa chuo, ule unaofikiwa kwa kupitia geti dogo la kando ya matangi ya maji, na mpaka leo anaishi palepale.

Jina la Rasimu alipewa na wanafunzi. Mwasisi alikuwa ameweka utaratibu kwamba hakichapwi kitu katika idara hii bila rasimu ya mkono, na rasimu haipokelewi mpaka mwenye kuitunga atie herufi zake mbili za mwanzo pembeni. Kisha chini ya barua iliyochapwa, kwenye kona ya kushoto, huwekwa herufi za mtungaji, alama ya mkwaju (/), halafu herufi za mchapaji. Hivyo barua ikizua balaa, inajulikana balaa ni la nani. Mwasisi mwenyewe aliuchoka utaratibu wake baada ya mwaka mmoja, lakini Dada Rasimu hakuuchoka. Ukimpelekea karatasi isiyo na herufi hakugombi. Anaiweka ukingoni mwa meza na kukuuliza, kwa upole kabisa, "Hii ya nani?" Ukijitia kumbembeleza aongeze sentensi mbili tatu kwa kichwa chake, maana anajua unachotaka kusema kuliko unavyojua wewe, jibu lake ni lilelile: "Mimi nachapa, situngi."

Kauli hiyo ilikuwa inatuchekesha. Kwa maana kila mtu hapa anajua kwamba alikuwa anatunga. Tasnifu yangu mwenyewe, kurasa mia tatu na kumi na mbili, ilinirudia na alama ya penseli kwenye ukurasa wa themanini na nane. Nilikuwa nimegawa wahojiwa wangu katika mafungu, na mafungu yale, ukiyajumlisha, yalifika asilimia mia na nne. Msimamizi wangu alikuwa ameupitisha ukurasa huo. Mtahini wa ndani alikuwa ameupitisha pia. Dada Rasimu aliniita mlangoni, akashusha sauti ili wenzangu wasisikie, akaniuliza hawa wanne wa ziada nimewatoa wapi, maana mtaa wenyewe anaujua. Nilirudi nyumbani nikajumlisha upya. Leo natembea na udaktari wangu kifua mbele, na katika kurasa za shukrani za tasnifu ile nimewashukuru wazazi, msimamizi, rafiki mmoja aliyeniazima baiskeli, na "wote ambao sikuweza kuwataja."

Sasa kuna ule mtaa wa nyuma ya ukuta. Kila mwaka, tangu idara izaliwe, wanafunzi wa mwaka wa tatu wanapelekwa uwandani kujifunza kuhoji watu, na kwa kuwa sisi wataalamu wa jamii hatupendi kutembea mbali, uwanda wetu umekuwa mtaa huohuo mmoja kwa miaka thelathini na ushee. Wenyeji wametuzoea kama mvua. Kuna fundi cherehani mmoja pale ambaye ukifika na hojaji anakuambia uketi, halafu bila kuinua macho kwenye kitambaa anaanza kukujibu: swali la kwanza ni mwanamume, la pili ni hamsini na tisa, la tatu ruka, la nne ndiyo, la tano inategemea. Mwaka mmoja tulibadilisha mpangilio wa maswali bila kumwarifu, tukapata fundi cherehani mwenye umri wa "inategemea" na watoto hamsini na tisa. Majibu hayo yaliingia kwenye takwimu, na sina hakika kama yalishatoka.

Milango ya mtaa ule ilifunguka kwa sababu ya mtu mmoja. Wanafunzi wetu wa miaka ya mwanzo walifukuzwa, na wengine walimwagiwa maji. Ndipo Mwasisi alipomwomba karani wake, kwa kuwa anakaa hukohuko, awe anawasindikiza. Hiyo haikuwa kazi yake. Haikuandikwa kwenye barua yake ya ajira, wala haikuandikwa baadaye. Akawa anawapanga kwenye geti dogo, anawakagua mavazi, anawaambia ni nyumba gani ina msiba na ni nyumba gani mwenyewe hapendi kuulizwa habari za mwanawe.

Nilikuwa mmoja wa waliopangwa pale getini. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mama mmoja swali la sita, "Kaya yako ina watu wangapi?" Yule mama akafikiri sana, akasema saba. Halafu akasema tisa. Halafu akafuta macho na khanga. Nikaandika "hana uhakika." Dada Rasimu alinivuta nje kwa mkono wa shati. Aliniambia kwamba neno kaya hakuna mtu analitumia ndani ya nyumba yake, na kwamba ukimuuliza mama ana watu wangapi atawahesabu waliokufa na waliopotea pia, kwa sababu bado ni wake. Kisha akasema maneno ambayo yamelisha watu wengi katika idara hii, mimi nikiwa mbele: "Muulize jana jioni alipakua sahani ngapi."

Basi. Ndivyo ilivyozaliwa Mbinu ya Sahani.

Wasomaji wa jarida hili walio katika fani nyingine huenda hawajui ukubwa wa jambo hili. Mbinu ya Sahani inafundishwa katika somo la Njia za Utafiti, mwaka wa pili, wiki ya saba. Kuna makala yake, imetajwa na wenzetu wa vyuo vya mbali. Mwasisi aliiandika yeye mwenyewe, baada ya mimi kumsimulia kile kisa cha yule mama kwenye ripoti yangu ya uwandani, na katika makala hiyo amesema kwamba wazo lilimjia "kutokana na uzoefu wa muda mrefu na jamii husika." Makala ilichapwa chumba namba tatu. Herufi za Dada Rasimu zipo pale chini, upande wa kulia wa mkwaju. Kila mwaka amechapa pia swali la mtihani, "Jadili ubora na udhaifu wa Mbinu ya Sahani, alama ishirini na tano," akalitia ndani ya bahasha, akalipiga lakiri, akalifungia kabatini lisivuje.

Bintiye alipata nafasi ya kusoma hapa, sosholojia hiyohiyo. Kisa hiki alinisimulia Dada Rasimu mwenyewe, miaka mingi baadaye, tukiwa kwenye foleni ya mgahawa wa wafanyakazi. Binti alirudi nyumbani wiki ya saba, akiwa amechangamka, akamweleza mama yake jinsi profesa mmoja hodari alivyogundua namna ya kuhesabu watu kwa kuhesabu sahani. Mama alikuwa anakunja nguo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri, halafu akamwongezea kwamba asisahau sahani ya mgonjwa, kwa maana hiyo hupakuliwa kabla ya wengine na huoshwa mapema, na anayeulizwa huisahau. Binti akaandika hivyo kwenye mtihani. Aliyesahihisha mtihani ule ni mimi. Niliweka alama ya kuuliza pembeni na kumkata alama mbili, kwa kuwa habari za sahani ya mgonjwa hazikuwemo kwenye maelezo niliyotoa darasani.

Asante ya punda ni mateke, walisema wahenga, nao hawakusomea sosholojia.

Sasa nirudi kwenye ile barua. Kanuni ya chuo inasema mfanyakazi aliyetumikia miaka mitano anaweza kusoma shahada bila ada, mradi mkuu wa idara yake amwandikie barua ya kumpendekeza, na mradi awe amebakiza angalau miaka sita kabla ya kustaafu, yaani mitatu ya kusoma na mitatu ya kukitumikia chuo baada ya kusoma. Dada Rasimu alimaliza kidato cha sita kwa masomo ya jioni akiwa tayari ana mtoto mgongoni, akafaulu vizuri kuliko baadhi yetu. Mwaka wake wa tano ulipotimia alichukua fomu, akaijaza, akaipeleka kwa Mwasisi.

Mwasisi alifurahi. Akasema ataandika rasimu. Alisema ataandika rasimu kwa miaka tisa. Alipobanwa kidogo alianza kutoa nadharia: kwamba mtaalamu wa jamii anahitaji umbali fulani na jamii anayoichunguza, naye dada yetu, kwa kukaa kule nyuma ya ukuta, yuko ndani mno. Mwasisi alistaafu na sherehe kubwa, na programu ya sherehe aliichapa Dada Rasimu.

Akaja tuliyemwita Profesa Safari, ambaye mkoba wake ulikuwa mlangoni daima. Huyu alimwambia amwandikie barua ya kumkumbusha. Dada akamuuliza rasimu ya hiyo barua ya kumkumbusha ataitunga nani. Profesa akacheka, akaona ni utani, akaenda uwanja wa ndege.

Baada yake alikuja Mama Kamati, mwanamke mwenye moyo mzuri kuliko sisi wanaume wote, na ambaye hakuweza kuvuka korido bila kuitisha kikao. Aliichukua fomu na kuipeleka kwenye kamati ya idara. Kamati ikauliza, kwa nia njema kabisa, nani atakayechapa wakati karani akiwa darasani. Swali likakosa jibu, likaahirishwa. Likaahirishwa mara saba. Mihutasari ya vikao hivyo ninayo kwenye faili, nimeitazama upya wiki hii. Ajenda ya sita, "Ombi la karani kujiunga na masomo," imeahirishwa. Ukishuka chini kwenye kona utaona herufi za katibu, mkwaju, halafu za mwenye ombi. Yeye ndiye aliyekuwa anachapa kwamba ombi lake limeahirishwa, na nafasi kati ya mistari ni sawasawa, na hakuna kosa hata moja.

Mtu atauliza, kwani asingejichapia mwenyewe? Barua za mapendekezo alikuwa anazijua kwa moyo, alishachapa mamia. Mkuu yeyote angetia saini bila kusoma, kama tulivyozoea. Nilimuuliza hilo mara moja, tukiwa tunasubiri umeme urudi, na hakuhitaji kufikiri. Alisema barua ya kumsifu mtu lazima iwe na mwenyewe, na mwenyewe hawezi kuwa yule anayesifiwa. Kinyozi hajinyoi. Wengine tuliona ni ukaidi wa kizamani. Leo naona yeye peke yake katika idara nzima ndiye aliyekuwa anaamini kwamba maneno yetu yana maana.

Mwaka wake wa ishirini na nane, Mama Kamati alichukua likizo ndefu, nami nikakaimu ukuu wa idara kwa miezi sita. Miezi sita tu, lakini ilinitosha. Mwezi wa pili wa ukaimu wangu Dada Rasimu alibisha mlango, akaingia, hakuketi. Alikuwa ametimiza miaka hamsini na minne. Alikuwa na fomu ileile, ila mpya, kwani za zamani zilikuwa zimebadilishwa mara tatu. Wakati huo alishaacha kuniita mdogo wangu, maana nilikuwa bosi wake. Akasema, "Mwalimu, huu ndio mwaka wa mwisho kanuni inaniruhusu. Fomu zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo."

Nilimwambia, "Dada, hilo halina neno. Wewe niachie."

Naomba msomaji aniamini kwamba nilimaanisha. Mtu huyu alikuwa ananidai shukrani za maisha yangu yote, na kwa mara ya kwanza kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Lakini wiki ile walikuja watahini wa nje, matokeo ya mwaka wa kwanza yalikuwa na kasoro, na mimi, kama kila anayeonja cheo kwa mara ya kwanza, nilikuwa kiguu na njia. Fomu niliiweka juu ya rundo, na kila siku rundo lilipata kitu kipya juu yake.

Ijumaa ilifika. Saa tisa mchana Dada Rasimu aliniletea barua za kutia saini. Zilikuwa kumi na nne, zote za mapendekezo, zote za watu wengine, za wanafunzi na walimu wasaidizi waliokuwa wanaomba nafasi hapa na pale. Mmoja wao alikuwa ameshindwa somo la Njia za Utafiti mara mbili. Nilikuwa nimeziandikia rasimu zote juma hilo, usiniulize nilipata wapi muda. Alisimama upande wa dirisha na kunigeuzia karatasi moja baada ya nyingine, na mimi natia saini huku naongea na simu. Zilipokwisha hakuondoka mara moja. Alibaki amesimama, mkono mmoja juu ya faili. Nikamwambia asante, dada, wikendi njema. Akasema, nawe pia, mwalimu. Akatoka, akafunga mlango taratibu, kama anavyofunga siku zote.

Nilikumbuka Jumatatu, nikiwa napiga mswaki. Nilikimbia chuoni, nikampigia ofisa udahili, nikamwomba, nikamlaumu, nikamtolea na ukali. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilikwenda chumba namba tatu kumwomba radhi, na kabla sijafungua mdomo aliniuliza kama nimeandika rasimu ya barua ya kuwashukuru watahini, kwa kuwa basi lao linaondoka saa nne. Radhi sikuiomba siku ile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini si ya mwenye kungojesha. Mkuu wetu wa sasa, ambaye ndiye wa tano, alipewa fomu mwaka uliofuata na mimi, kwa aibu zangu, akaisoma kanuni, akatwambia kwa ukweli kabisa kwamba muda umepita. Huyo simlaumu.

Mafanikio yake basi ni kama ifuatavyo. Amechapa tasnifu mia mbili na sita, za uzamili na za uzamivu. Amesindikiza uwandani vikundi thelathini na vitatu, na hakuna mwanafunzi aliyemwagiwa maji tangu aanze. Amehama kutoka taipureta hadi kompyuta bila kuomba mafunzo, wakati maprofesa wawili bado wanamwita awafungulie barua pepe. Ameuona mtaa mzima ukihojiwa, naye mwenyewe amehojiwa mara kumi na moja, akiwa "mhojiwa wa kike, makamo, elimu ya kati." Kamati imeamua kumzawadia saa ya ukutani. Ni saa nzuri. Amewahi kazini kila siku kwa miaka thelathini na minne, na sisi tumempatia kitu cha kumwonyesha muda uliopita.

Hapo ndipo wasifu niliouandika kwa mkono ulipoishia. Zilikuwa kurasa saba. Nikatia herufi zangu pembeni, na juu yake nikabandika karatasi ya pili, nusu ukurasa, niliyopaswa kuiandika miaka sita iliyopita: rasimu ya barua ya kumpendekeza. Chini kabisa palikuwa na aya ya mwisho niliyopewa na kamati, ile ya shukrani na heri, ambayo huwekwa kwa kila anayestaafu, kuanzia mlinzi hadi makamu mkuu wa chuo. Jumanne mchana nikavipeleka vyote chumba namba tatu. Maana jarida la wafanyakazi, kama hamkujua, linachapwa na nani mwingine?

Ndiyo. Tulimpa achape wasifu wake mwenyewe. Kamati haikuliona hilo. Mimi nililiona, na nikampelekea vilevile, kwa sababu nilitaka ausome kabla ya ukumbi mzima kuusikia, na sikuwa na ujasiri wa kumsomea.

Aliweka miwani, akaangalia herufi pembeni, akaanza. Nilikaa kwenye kile kiti cha wanafunzi karibu na mlango. Alichapa kurasa zote bila kutikisika: kisa cha sahani, kisa cha bintiye, ajenda ya sita. Kwenye habari za ile Ijumaa vidole vilisimama. Bila kugeuka akaniuliza barua zilikuwa ngapi. Nikasema kumi na nne, kama nilivyoandika.

"Kumi na tano," alisema. "Ya kumi na tano ilikuwa ya mpwa wako."

Na kweli. Mtoto wa dada yangu alikuwa anatafuta nafasi kwenye chuo kimoja cha uhasibu. Nilimwandikia rasimu ya ukurasa mzima. Nilikuwa nimeisahau, au niseme nilikuwa nimejisahaulisha. Nilimwambia arekebishe basi, aweke kumi na tano. Akatikisa kichwa. Mimi nachapa, situngi, akasema, ukitaka rekebisha mwenyewe utie herufi. Sikurekebisha. Nimeacha kumi na nne pale juu ili muone mimi ni mtu wa namna gani hata ninapotubu.

Kisha akachukua ile rasimu ya barua ya mapendekezo. Aliisoma mara mbili. Akaichapa kwa dakika nne, akaniletea nikatia saini, akaitoboa matundu mawili na kuiweka kwenye faili la barua zilizopitwa na wakati. Nilimwambia njia nyingine bado ipo, kwamba anaweza kuomba kama raia yeyote, kwamba mimi mwenyewe nitamshughulikia kila kitu. Akavua miwani na kunitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi aliniita kwa jina la zamani. "Mdogo wangu," alisema, "nimewasoma ninyi miaka thelathini na minne. Inatosha." Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hicho ndicho kilichoniumiza.

Iliyobaki ilikuwa ile aya ya kamati. Aliishika, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaiweka ukingoni mwa meza.

"Hii ya nani?"

Nikamwambia ni ya kamati, ni ya sote. Akasema haina herufi za mtu, na yeye hawezi kuchapa kisichokuwa na mwenyewe. Akazima kompyuta, akachukua mkoba wake, maana ilikuwa saa tisa na nusu. Nikabaki na ile karatasi mkononi, na kwenye ile karatasi tulikuwa tumemtakia kila la heri katika maisha yake mapya na kumwomba asitusahau.

Basi tangu pale ilipoishia habari ya saa ya ukutani nimechapa mwenyewe, kwa vidole viwili, na mkiona makosa mjue ni yangu. Aya ya kamati nimeirudisha kwa kamati. Badala yake naandika hii.

Dada, nakushukuru kwa zile asilimia nne. Nakushukuru kwa sahani, zote, pamoja na ya mgonjwa. Alama mbili za binti yako sina pa kuzirudisha, ila nimebadilisha maelezo ya wiki ya saba, na kuanzia mwaka ujao yatafundishwa kwa jina lako, lile la kwenye cheti chako cha uchapaji. Nakutakia asubuhi ambazo hakuna mtu anakuletea karatasi. Nakutakia afya, na wajukuu, na kiti kizuri karibu na dirisha. Radhi sitaiomba hapa, maana radhi ya ukumbini humlazimisha mtu atabasamu mbele za watu. Nitapita geti dogo na kuja kwako siku moja, kwa miguu yangu, bila hojaji, na ukinifungia mlango nitaelewa.

Kwenye kona ya kushoto, chini ya ukurasa huu, kuna mkwaju. Upande wa mtungaji nimeweka herufi zangu, na upande wa mchapaji nimeweka zangu pia.